Maua mu Pneu ya Tata Tshiamala

Mi sipendi bantu banaosema "ni mupango ya Mungu" kila mara motoka inaanguka. Mungu hana kisu ya kukata pneu. Mungu hakushika ile usukani. Mutoto yangu Annie alivunjika mugulu mu mwezi ya saba, katikati ya kiangazi, mvua hatukuiona tangu mwezi ya ine, na motoka iliteleza sawa vile kuko matope. Nani mwenye makosa? Musiniulize mbio. Jumanne nilijua. Alhamisi nikajua ingine. Jumapili sikujua tena kitu.

Mi njo Simone, bananiita Mama Simone ya bitumbula, ile maandazi ya kukaanga, kwetu Kasulo. Meza yangu iko pembeni ya barabara, na ngambo ingine, hatua kumi tu, kuko Tata Tshiamala. Yeye ni kwado, ni kusema mutu ya kutengeneza pneu, mipira ya motoka. Kiwanda yake yote ni kompresa moja inayokohoa kushinda muzee, machuma mbili za kutoa pneu, bakuli ya maji ya kutafuta tobo, na mbabula, jiko ya makala. Miaka makumi mbili tunaangaliana. Najua anakunywa chai na sukari ngapi, anajua siku gani unga yangu iko mubaya. Si ndugu yangu, lakini akikosa kufungua asubuhi, mi njo wa kwanza kuuliza.

Alizaliwa hapa hapa Kolwezi. Baba yake aliletwa toka Kasai na kampani, akachimba shaba mpaka mapafu ikachoka. Mu mwaka ya tisini na tatu, wakati Bakasai balifukuzwa mu Katanga yetu hii, Tshiamala alikuwa kijana. Balilala ku gare majuma tatu na mama yake na baba yake, bangojea treni, na baba yake akafia pale pale, juu ya mukeka. Tshiamala alifika Kasai, akakaa miaka tano, kisha akarudia. Siku moja nilimuuliza kama hakuogopa.

"Mama Simone," alisema, "kule banasema mi ni mutu ya Katanga. Hapa banasema mi ni mutu ya Kasai. Nikaona heri banifukuze fasi ninajua barabara yake."

Akacheka. Mi sikucheka.

Sasa musikie mambo ya maua. Bashofere ya kwetu bana akili yao, akili ya kuweka akiba. Mvua ikiisha, banatoa pneu muzuri ku motoka, banaziweka chini ya kitanda, bibi akilalamika shauri yake. Kiangazi yote banatembea na pneu yenye kuisha, laini, yenye upara. Banasema kiangazi haina maji, pneu muzuri itakuliwa bure. Na kama pneu iko na upara sana, banaileta kwa Tata Tshiamala. Anapasha kisu mu makala mpaka inakuwa nyekundu, kisha anakata ile mupira pole pole, ulimi yake inje sawa mutoto anayeandika. Bakwado bengine banakata mistari tu. Yeye anakata maua, zile maua za pembe ine za mukeka ya mama yake, moja, moja, moja, kuzunguka pneu yote. Ilikuwa kitu ya kuangalia. Nilikuwa namuchokoza: "Tata Tshiamala, unakata pneu ao unasuka mukeka?"

"Pneu nayo inapenda kuvaa," ananijibu.

Lakini musimuone mujinga. Mu mvua alikuwa anakataa. Mwezi ya kumi ikifika, hata umupigie magoti, hakati ua hata moja. "Mvua haichezewi. Toa ile ya chini ya kitanda." Kiangazi tu. Ile njo sheria yake, na aliishika miaka yote.

Bon. Ile Jumanne, asubuhi, Annie alipanda taxi ya Gaston kuenda mu ville, katikati ya muji, kule anajifunza kushona. Gaston ni kijana ya hapa, mwenye heshima, lakini mugulu yake ya kuume ni nzito juu ya vitesse, anapenda kukimbiza. Nyuma ya taxi yake aliandika HARAKA YA NINI. Unaweza kuisoma kama una bahati, maana ukimaliza "haraka" motoka imekwisha kupita.

Nilikuwa nageuza bitumbula wakati bananiletea habari. Sijui nani alibakia na mafuta yangu juu ya moto. Nilikimbia na kijiko mu mukono mpaka ku virage ya chini, ile kona karibu na daraja. Taxi iligeuka ikaangalia kule ilitoka, ubavu yake imeingia mu ukuta ya mufereji. Annie balikuwa bamemulaza pembeni. Mugulu yake ilipinda fasi mugulu haipinde. Ee mama yangu! Sitaki kuieleza zaidi.

Gaston alikuwa anasimama, anasema neno moja tu: "Maji. Kulikuwa maji. Niligusa freni, motoka ikaenda."

Tukaangalia goudron, ile lami ya barabara, bantu bote. Ilikuwa nyeusi, kavu, na vumbi yake juu. Jua kali. Maji gani?

Basi kila mutu akaleta yake. Mama Elise ya makala alisema ni ndoki, ni uchawi, kuko mutu alifunga ile virage. Kijana moja muchimbaji akasema hapana, ni mashimo ya cobalt, chini yetu yote kuko mashimo, udongo inatembea na barabara inatembea nayo. Mwengine akasema pombe. Mi mwenyewe nilimushika Gaston mashavu nikamunusa mudomo. Harufu ya dawa ya meno! Sasa hapo nikachanganyikiwa zaidi, na mutu mwenye kuchanganyikiwa anachagua hasira kwa sababu njo iko karibu. Nikamuita mwongo, mbele ya mama yake. Nilisema: "Ulikuwa unakimbia, unaharibu mutoto ya mutu, sasa unaleta mvua ya mudomo!"

Ku hospitali banamufunga Annie plâtre mpaka ku kiuno. Akaamuka, akanishika mukono, neno ya kwanza: "Mama, kulikuwa maji. Goudron ilikuwa inangaa."

Hata yeye! Nikasema dawa ya maumivu inamusumbua kichwa. Lakini neno ile ilinikaa mu roho. Alhamisi asubuhi, mbele ya kuenda ku hospitali, niliacha meza nikashuka ku ile virage, nikasimama kama mujinga, bantu bananipita bananiangalia.

Saa mbili na kidogo kamyo kubwa ikakuja toka upande ya migodi, pole pole, inamwaga maji nyuma yake sawa mama anayemwangilia mboga yake ya lengalenga. Ikafika ku daraja, ikageuka, ikarudia. Muzee mulinzi ya depo moja pale akanieleza: "Banamwaga tangu Jumatatu, mama, juu ya vumbi ya bakamyo ya migodi. Mbele balikuwa banamwaga tu barabara ya udongo. Sasa na goudron. Lakini haikae. Dakika makumi mbili, jua na upepo zinamaliza yote."

Nikashuka nikaweka kandambili yangu juu ya goudron. Mungu wangu! Ile haikuwa maji. Miezi tatu ya vumbi, na mafuta yenye kutonya ku bakamyo, na sasa maji kidogo juu, ile haitoshi hata kuosha: ni sabuni. Mvua kubwa ingepeleka yote mu mufereji. Hii ilibakia pale, nyembamba, inangaa. Motard moja akapita, nyuma ya pikipiki yake ikacheza, akatukana mama ya mutu sijui nani.

Kwa hiyo Gaston alisema kweli. Nilirudia na haya yangu yote, na kwa sababu Tata Tshiamala njo mutu ya kwanza mbele ya meza yangu, njo nilimwambia. "Gaston si mwongo. Ni kamyo ya maji. Nimeiona na macho yangu, nimeikanyaga."

Alikuwa anatoa pneu ku brouette, toroli ya kusukuma. Akaacha.

"Maji?" alisema. "Maji juu ya maua yangu?"

Sikumusikia vizuri kwanza. Kwangu mi, maua haikuwa mu habari. Yeye akaniomba beseni yangu, ile ya kuosha sahani, na maji yake muchafu ndani. Sasa mwone huyu mutu mukubwa. Taxi ya Gaston balikuwa bameisukuma mpaka kwake kungojea Jumapili, siku shefu ya mutaa atahukumu. Akatoa pneu moja ya mbele, akakata kipande ukubwa ya kandambili, yenye maua yake. Akatafuta pneu ingine ya kutupwa, ile mistari yake ya kiwanda ilikuwa ingali kidogo, akakata kipande sawasawa. Akaweka bati, akamwaga vumbi, akamwaga maji yangu, akapanga bile bipande na jiwe juu ya kila moja, akaanza kuinua bati upande moja, pole pole. Nilisema kichwa yake imekatika.

Kipande ya maua ikateleza mbio, hata hakuwa ameinua bati kimo ya mukono moja. Ile ingine ikabakia. Akainua zaidi. Ikabakia.

Akarudilia. Vile vile. Akarudilia mara ine. Kisha akaokota ile kipande ya maua, akaigeuza polepole, akaniletea ku meza. Kila ua ilikuwa imejaa maji mpaka juu, sawa bikombe bidogo.

"Mama Simone," alisema, na sauti yake haikuwa yake. "Ile mistari ya kiwanda inatoka mpaka pembeni. Mi nilizani ni ya kushika tu, sawa kucha. Kumbe ni mifereji. Maji inakimbia inatoka, mupira inagusa barabara. Maua yangu inafunga pande zote ine. Maji inaingia, haina mulango."

Akakaa juu ya ile pneu. Miaka yote, ua hata moja haikugusa maji, kwa sheria yake mwenyewe. Hakuna kitu ingemwambia.

Kisha akaniuliza kitu sikupenda aniulize. "Jumapili shefu anahukumu Gaston. Niseme?"

Nilipandisha sauti mpaka Mama Elise akageuka. "Unaniuliza mi? Mugulu ya mutoto yangu iko mu plâtre, na unaniuliza mi!"

"Nikisema, unajua nini batasema juu yangu. Unajua fasi itaishia. Sina tena miaka ya kulala ku gare." Akaangalia mikono yake. "Nikinyamaza, Gaston anapoteza kazi. Na kuko motoka saba zinatembea na maua, na ile kamyo inamwaga kila siku."

Nilipiga teke beseni yangu mwenyewe, maji ikamwangika mpaka mu makala. Nilikuwa nataka kumupiga. Nilikuwa nataka pia kumupa chai. Nani anaishi na roho mbili vile? Nikaenda ku hospitali.

Jumapili, baada ya misa, tukakutana mu parcelle, ile uwanja ya nyumba ya shefu ya quartier, Tata Ngoyi. Bantu ilijaa mpaka inje. Shefu hakuchelewa. Gaston alikimbia, Gaston alileta hadithi ya maji, Gaston atarudisha ufunguo ku mwenye taxi na hataendesha tena hapa kwetu. Gaston hakuinua macho. Nilifungua mudomo niseme habari ya kamyo, naapa nilifungua, lakini Tata Tshiamala alikuwa amekwisha kusimama. Alivaa koti ya harusi.

Alieleza yote. Kamyo, bati, bikombe. Hakujificha nyuma ya neno hata moja. "Pneu ile nilikata mi. Nilifanya muzuri kwa macho, na mubaya kwa maji. Kuko zingine." Akataja motoka moja moja, na jina ya mwenyewe. Minibus ya chorale ya kanisa. Pick-up ya Badibanga, ile inaenda Kisenge. Ya tatu, ya ine. Kila mutu aliyetajwa alikuwa anatoka inje mbio kuangalia. "Na ya saba, shefu, ni ile yenu, pale ku mulango."

Bantu bakacheka, kisha bakaona shefu hacheki, bakaacha. Na toka nyuma kabisa, sauti moja: "Mukasai arudi kwao!"

Mwengine akarudilia. Bengine bakasema hapana, muache. Balianza kusukumana. Nilimuangalia Tata Tshiamala. Hakuangalia nyuma ajue nani alisema. Alifunga vifungo ya koti yake, kimoja kimoja, sawa mutu anayejitayarisha safari.

Halafu Gaston, ambaye alipaswa kufurahi, akasimama naye. "Tata, lakini mi nilikuwa nakimbia. Annie aliniambia nipunguze. Niliona goudron inangaa, nikasema ni jua tu, nikafunga freni yote mara moja ndani ya virage. Pneu ao mi? Hata mi sijui."

Sasa hapo, hebu mwambie mutu ahukumu! Huyu ambaye nilimuita mwongo anakubali kosa, huyu ambaye namupenda anakubali kosa, kila mutu anavuta hatia upande yake, na mi niko katikati na hasira yangu, sijui niiweke wapi. Shefu Ngoyi alijipanguza uso. Akafanya vile bashefu banafanya wakati neno inabashinda: akaitupa kwa mwanamuke.

"Mama Simone, mugulu ni ya mutoto yako. Sema wewe. Tshiamala abakie, ao aende?"

Bantu bote bakaniangalia. Nilitafuta neno ya kweli, sikuipata. Nilisema tu ili mudomo isibakie wazi: "Abakie mpaka ile maua yote itoke mu barabara. Kisha tutaona."

Shefu akapiga mikono, ikaisha.

Jumatatu yake saa kumi na mbili kompresa ilikuwa inakohoa. Hakuomba franga hata kwa mutu moja. Bashofere balileta zile pneu za chini ya kitanda, yeye anazifunga, na zile za maua anazikata katikati kabisa, mutu asizirudishe. Mwenye minibus alimuambia afungue tu milango ku maua, itatosha. Tata Tshiamala alikasirika, mara ya kwanza mi kumuona. "Pneu yenye kuisha ni yenye kuisha! Na hata hii mupya haikupe ruhusa ya kukimbia. Ukiona barabara inangaa, toa mugulu ku vitesse mbele ya kufika, si ndani ya virage. Acha nafasi na motoka ya mbele. Freni uiguse sawa unagusa mutoto anayelala." Gaston alikuwa pale, anashika boulon, nati za pneu, anasikiliza. Sita zikaisha siku tatu. Ya saba, ya mwisho kubakia, ilikuwa ile pick-up ya Badibanga, ilikuwa kule Kisenge inabeba mihogo, tukaingoja siku nane. Tata Tshiamala alikuwa anasimama mu barabara kila mangaribi kuangalia kama inakuja. Mi nilizani anaogopa tu isianguke.

Ikafika Ijumaa. Akaitengeneza mbele ya saa sita. Baada ya chakula ya muchana nikamuona anavuka barabara kuja kwangu, na shati safi, na sakoshi, mufuko ya nguo zake, mu mukono. Nyuma yake, kompresa ilikuwa juu ya brouette, imefungwa na kamba. Mbabula ilikuwa imezimwa, imepanguzwa.

"Mama Simone," alisema, "ya saba imetoka. Nimemaliza. Sasa niende?"

Sikuelewa. Naapa sikuelewa anasema nini. Nilibakia na kijiko juu, bitumbula binaungua. Halafu ikaniingia. Lile neno yangu, "kisha tutaona", mi nililisahau ile ile Jumapili, mbele ya kufika nyumbani. Yeye alilibeba siku kumi na mbili. Kila asubuhi alinisalimia, akakunywa chai yangu, na alikuwa anajua anamaliza kazi ili aende, na hakuniuliza hata mara moja nirudishe ile neno.

Annie analia bado akigeuka mu kitanda, na nikimusikia, nina hasira na huyu muzee, sitadanganya. Daktari anasema mugulu itakuwa fupi kidogo. Kama nilimusamehe, sijui. Kama kuko kitu ya kusamehe, hata ile sijui. Lakini mikono yangu ilijua. Nilimunyanganya ile sakoshi, nikaipeleka mu nyumba yangu, nikafunga mulango na ufunguo, nikatia ufunguo mu kifua.

"Enda ukafungue kompresa," nilimwambia. "Kuko mutu anangoja."

Hakukuwa na mutu. Akaenda akangoja.